Kola ya Shati Lako

Todos Santos Cuchumatán,
Huehuetenango, Guatemala.
5 Oktoba

Mpendwa mdogo wangu Fortunato,

Hujambo? Na mkeo Irma, mgongo wake unaendeleaje? Sisi huku tunapumua. Baridi imewahi mwaka huu, viazi vimetoka vidogo, mume wangu Andrés anakohoa lakini bado anabishana na kila mtu, kwa hiyo ni mzima. Mama yupo. Macho yamepungua nguvu, masikio hayana shida hata kidogo.

Barua hii anakuletea binti yako, na nimemkataza kuifungua. Kwenye simu kila nikianza unaniambia mtandao mbaya. Karatasi haina mtandao, utanisikiliza mpaka mwisho.

Melani ni mtoto mzuri, na kwa wiki hizi tatu za likizo yake amenichosha roho. Alikuja na ratiba iliyochapishwa: asubuhi Kihispania shuleni, mchana utamaduni, Jumapili mlima. Amepanda mpaka kilele cha La Torre akarudi na malengelenge, na hakuna kondoo wa huku ambaye hajapigwa picha. Siku moja namuuliza alikuwa wapi mchana kutwa, ananiambia kwa jirani yetu Desideria, darasa la kufuma. Na bibi yake mzaa baba amejifunga kiunoni kamba za kufumia hapa hapa uani tangu asubuhi. Mtoto amempita, amemsalimia, amekwenda darasani. Nilicheka kwa hasira.

Kosa si lake. Wewe ndiye uliyemwambia kwamba lugha ya kwenu ni Kihispania. Basi maskini kajifunza kwa bidii, akakaa mbele ya mama akamsomea sentensi zake: naitwa Melani, napenda kahawa, nina paka wawili. Mama akamshika mkono, akaitikia kwa kichwa kwa adabu, kisha akaniuliza kwa Kimam chetu, "Huyu anasali au anaomba kitu?" Miaka kumi na tisa umemlea, hukumpa hata neno moja la mama yako. Imenibidi niwe mdomo wa watu wawili huku mikono imejaa unga wa mahindi.

Jumamosi iliyopita tuliingia chuj kuoga sote watatu. Siku za kwanza Melani hakuweza kukaa kwenye kile kibanda, mvuke ulimtoa mbio, lakini sasa anavumilia. Mama alikuwa anamsugua mgongo kwa majani, polepole, kama alivyotusugua sisi. Akaniambia, "Muulize baba yake anakuja lini." Nikamuuliza. Melani akajibu bila hata kufikiri, "Baba? Anasema hatarudi huku hata kuzikwa. Vibali vya kusafiri alipata tangu mwaka juzi, shangazi, ila hataki tu."

Tangu mwaka juzi, Fortunato. Mimi dada yako wa tumbo moja ukanificha, na mama nimemwambia miaka yote hiyo kwamba vibali ndivyo vinavyokuzuia. Mama alikuwa ameacha kusugua, ananingoja. Nikamwambia, "Anasema atakuja sikukuu ya Watakatifu Wote."

Nimemdanganya mama yangu nikiwa uchi mbele yake.

Kesho yake alfajiri aliniagiza uzi mwekundu na wa zambarau. Anakufumia kola ya shati, eti huwezi kusimama kwenye mbio za farasi za sikukuu umevaa shati la dukani. Unajua kwetu kola ya mtu anayerudi ikianza kufumwa haiachwi njiani wala haiuzwi kwa mgeni. Anahesabu nyuzi kwa vidole, anakosea, anafumua, anaanza upya. Melani anamshikia uzi na hajui anasaidia nini. Desideria alipita akamuuliza, "Mama Santa, hiyo ya nani tena?" Mama akamjibu, "Ya mwanangu. Wewe nenda kafundishe wageni wako." Soko zima linajua sasa.

Zimebaki siku ishirini na saba, nami nimechoka kusema badala yako. Sitatafsiri tena, si uongo si ukweli. Na usiniambie umesahau Kimam. Irma kaniambia ukilewa ndicho unachotukania watu.

Msalimie huyo Irma, na Brandon mdogo wake Melani. Andrés anakusalimu. Mungu akulinde huko uliko, na akulegeze moyo kidogo.

Ndani ya bahasha kuna kipande cha uzi mwekundu. Mama anataka uuzungushe shingoni, ufunge fundo unapokutana, kisha unipigie kunitajia urefu wake. Jana alimpima Andrés shingo akasema hapana, ya mwanangu ni nyembamba, kwa sababu shingo anayoikumbuka ni ya kijana wa miaka ishirini. Ukiupima uzi huo, umekubali kuja. Kama huji, usiupime. Mpigie mama mwenyewe, kwa Kimam, umwambie aache kufuma.

Ni mimi dada yako, nakupenda na nimekukasirikia,
Basilia