Madema yasiyo na mawe

Jumanne. Jua tangu asubuhi, bahari shwari, na mimi sitaki kuonana na mtu.

Sisi wa kujitolea tunaolinda pwani hapa Shangani, watu wasitoroke, tumegaiwa vyombo. Wanaojua kusoma Kizungu wanaangalia meli, tena kwa darubini. Halafu boti za mashine, halafu majahazi. Mashua na ngalawa za wavuvi ndo mwisho kabisa, na hizo ndo zangu. Makame, mkubwa wetu wa zamu, alinambia, "We Bubu, jina la meli hulijui, kaangalie vidau." Wakacheka wote. Miezi minne sasa nnachekwa.

Leo mashua imepita karibu na ukuta, imerundikwa madema, mitego yetu ya samaki. Baba yangu mvuvi, madema nnayasuka tangu mdogo. Dema halizami bila jiwe. Mle hamkuwa na hata jiwe moja.

Nikajua chini yake mna watu. Mawe wameyaacha ili chombo kisizidiwe.

Kisha nikaona pindo la kanga. Ya Bi Zuhura, jirani yetu. Nshaianua mara ngapi kwenye kamba yake. Mtaa mzima unajua kuna mkubwa wa serikali anamtaka binti yake, Salma, kwa nguvu. Harusi Ijumaa.

Ningenyamaza. Kunyamaza ndo kitu pekee nnachokiweza.

Nikasema, "Makame, ile haendi kuvua."

"Ebo! Bubu kasema!"

Boti yetu ikaifata, ikairudisha. Wakatolewa chini ya madema, mama na mtoto. Bi Zuhura ndiye aliyekuwa akininywesha uji mama yangu alipolazwa hospitali. Kanitazama. Sijui kwa nini, nikamwamkia.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Ushakula?"

Makame kacheka mpaka kapaliwa.

Salma kapandishwa gari peke yake.

Sasa amri imegeuzwa. Kuanzia kesho mashua na ngalawa kwanza, meli baadae, na mimi ndo niwafundishe wenzangu kutazama mawe. Darubini nimepewa mimi.

Niseme kweli, maana daftari hili halisomi mtu. Waliponipiga mgongoni na kuniita kwa jina langu, nilifurahi.

Makame anasema Ijumaa sote tumealikwa pilau. Mimi sijapata kualikwa popote.

Ntakula?