Mvua Juu ya Mfereji wa Amsterdam

Mama mpenzi, shikamoo. Wasalimie wote hapo Kitahana.

Jana jioni niliona jambo ambalo bado linanishangaza. Kuna mfereji wa kale katikati ya jiji hili, na juu ya maji walikuwa wamejenga jukwaa, wakaweka piano. Watu walijaa kwenye maboti, kingoni na madirishani, wakimsikiliza mpiga piano. Mvua ikaanza. Nilidhani watakimbilia barazani kama sisi, kumbe wakafunga miavuli ili walio nyuma waone, wakakaa wanalowa. Nami nikashindwa kuondoka.

Mwishoni wote wakaimba wimbo wa mji wao. Bibi mmoja kando yangu aliimba huku machozi yanamtoka.

"Nilizoea kuja na mume wangu," aliniambia kwa Kiingereza. "Mwaka huu nimekuja peke yangu."

Nikamshika mkono, akaendelea kuimba.

Nikakukumbuka, Mama. Tangu Baba atutoke hujasimama tena na kwaya. Jumapili hii nenda, hata ukilia katikati ya wimbo. Wenzako wa sauti ya pili wataubeba mpaka sauti yako irudi.

Mwanao akupendaye sana,
Neema