Sauti ya Mama Yake Marita

Kambi ya katani, Tanga
Katikati ya masika

Dada yangu Tabita,

Shikamoo. Na shemeji mpe shikamoo yake, mwambie nauliza mgongo wake kwanza, mahindi baadaye. Hapo Ndalambo mvua zimewapa nini mwaka huu? Watoto wanakwenda shule ya misheni, au wamekuwa kama mimi, wa kutumwa kufukuza ndege kwenye ulezi wakakaa kuwatungia hao ndege ugomvi wa ndoa? Mimi mwili ni mzima. Homa ya mwezi uliopita imeniacha. Zaidi ya mwili sina uzima wa kukuandikia.

Barua yako ilinikuta kwenye mizani, napima mafungu ya katani. Nilipoona mwandiko wako nilifurahi, nikaitia mfukoni mpaka saa ya kupumzika ili niisome kwa raha. Nikaisoma kwa raha mpaka pale uliposema mama yake Marita amefariki. Nilikaa chini palepale, juu ya katani. Mnyapara akaja kuuliza kama naumwa, nikamwambia nimefiwa na mama mkwe. Akanipa pole kama unavyompa pole mtu aliyepoteza kofia, akaenda zake.

Wewe unajua kwa nini nimelia kuliko mkwe anavyolia. Marita alipofariki na mtoto tumboni, mimi nilikuwa huku, mkataba haujaisha, na habari ilinifikia amekwisha zikwa. Asiyekuwepo na lake halipo. Sikutupa udongo, sikukaa msibani, na huko Mpemba kwa wakwe sijakanyaga tangu hapo. Mtu mmoja tu ndiye niliyetaka kwenda kusimama mbele yake, naye ni yule mama, na yule mama ndiye ambaye desturi yetu inamficha nisimwone.

Miaka yote ya ndoa yangu nimekula ugali wake, na macho yake sijui yalivyokuwa. Tukikutana njiani, yeye aliingia kwenye majani upande huu, mimi nikaingia upande ule, njia ikabaki tupu, kila mmoja akimngoja mwenzake apite. Siku moja tulingojana hivyo mpaka Marita akaja akatukuta, akacheka hadi akakaa chini. Nilimjua yule mama kwa visigino vyake, kwa kupiga chafya ya ugoro, na kwa sauti iliyotoka nyuma ya ukuta ikimwambia Marita, "Mpelekee mumeo, asije akasema kwetu kuna njaa." Hayo si maneno aliyoniambia mimi. Nilikuwa nimenunua blanketi la kumpelekea, lile la kuondoleana haya, ili tuanze kusalimiana kama watu wengine. Lipo humu sandukuni, halina mwenyewe tena.

Uliniuliza kama bado naandika ule uongo wangu. Naandika, dada. Hadithi zangu fupi zimetoka gazetini, na hapa kambini nimekuwa mtu wa kuogopwa. Watu wakigombana na wake zao wakiniona napita, wananyamaza. Mke wa mpishi alinijia na mwiko mkononi, akidai nimemweka kwenye hadithi, yule mwanamke anayemficha mumewe nyama. Nikaapa kwamba si yeye. Akasema, "Basi mbona kaificha palepale ninapoificha mimi?" Mambo ya mume na mke hayana mengi. Ukiandika ya mmoja, umeandika na ya jirani yake.

Lakini cha sasa ni kirefu, ni kitabu kizima. Ni habari za mtu aitwaye Eliya, aliyemwacha mkewe Tamali akaenda mbali kutafuta kazi. Usinicheke, najua unajua nimemtoa wapi. Mwenye gazeti amesema nikikimaliza atakitoa kidogo kidogo, kila juma. Jumapili baada ya ibada huwa nakisoma mbele ya stoo ya posho, na watu wanakuja hata wasiojua kusoma, hao ndio wakali zaidi, hawasahau jambo. Nikikosea jina la ng'ombe wananisahihisha.

Mapenzi yao niliyaandika bila taabu. Ugomvi wao niliuandika nikicheka peke yangu, maana ulikuwa ule wa Marita na mimi juu ya kuku wa mjomba. Kifo cha Tamali nilikiandika nikashindwa kula. Kisha Eliya anarudi nyumbani, anaingia uani kwa wakwe, mama mkwe anatoka jikoni. Hapo kalamu ikagoma. Ukurasa ule nimeuandika na kuuchana mpaka nimechoka. Mume namjua, ni mimi. Mke namjua. Lakini yule mama hajawahi kuniambia hata hujambo. Nitamtilia sauti ya nani?

Jumapili iliyofuata barua yako nilikwenda kusoma vilevile, kwa sababu kukaa chumbani kulinishinda. Nikasoma mpaka Eliya amefika uani. Nikafunga daftari.

"Endelea!" wakasema.

"Haijaandikwa."

Mkata katani mmoja, Mmakonde, akasimama. "Karani, wewe umemuua mwanamke mzima kijana, sasa unashindwa kumsemesha bibi kizee?"

Watu wakacheka. Kuna mama mmoja wa kwetu hapa, Mama Nambeye, mumewe anafanya kazi korona, kwenye mashine ya kusaga katani. Ni mtu mzima, wajukuu anao. Yeye hakucheka.

"Hamsemeshi," akasema. "Kwetu sisi hawasemeshani hao. Mkwe na mama mkwe wanapishana tu."

"Hata mtoto wake akifa?" Mmakonde akauliza.

"Akifa ndiyo vibaya zaidi. Watalia huyu kule, yule kule." Akaniangalia sana. Habari ya barua nilikuwa sijamwambia mtu zaidi ya mnyapara, lakini kambini habari haikai. "Yeremia, baba, unataka aseme?"

"Nataka, mama."

"Haya. Nitasema mimi. Lakini usinitazame, na mimi sitakutazama."

Akavuta debe, akalikalia, akatupa mgongo. Akajifunika kanga kichwani kama wanavyofanya kwetu. Kisha akasema, na sauti ilikuwa ndogo:

"Umefika, baba? Karibu. Mwenzio kila akisikia lori barabarani alikuwa anatupa jembe, anakimbia kuangalia. Mimi nikawa namgombeza, namwambia shamba litaota majani wewe. Sasa hakimbii mtu, na majani yameota vilevile. Hasira na wewe nilikuwa nayo, lakini hasira nayo inataka mtu mwenye nguvu. Ugali upo, kula. Ukishiba nenda kamwone alipolala. Halafu urudi ulale hapa, usiende kulala kwa watu, wewe ni mtoto wa hapa."

Akainuka, akakunja kanga yake, akaondoka bila kugeuka. Yule Mmakonde nilimwona anajifuta uso kwa kofia. Mimi niliingia ndani nikaandika neno kwa neno, jua halijachwa, na sura ile ikaisha. Ndiyo sura nzuri kuliko zote nilizopata kuandika. Watu wameomba niirudie, nimeirudia, na kila nikiirudia wanalia.

Mimi ndiye siipendi. Kila nikiisoma naona raha, na raha hiyo inanitia aibu, kwa sababu ni huruma ya Mama Nambeye, mke wa mtu wa korona, nami nimeichukua nikajipa kana kwamba nimepewa na mwenyewe. Nimejisamehe kwa mdomo wa mtu mwingine. Bahasha ya kumpelekea mwenye gazeti imekwisha andikwa anwani, na kitabu kiko ndani yake, na kuituma siwezi.

Mkataba wangu unaisha mvua zikikatika. Wameniuliza kama nitaweka sahihi tena au nitarudi kwetu. Sijawajibu.

Nisalimie mama mdogo, mwambie dawa ya macho nimeiulizia, daktari anasema mpaka aonekane mwenyewe. Nisalimie mwalimu wa shule ya misheni aliyenichapa kwa kuandika hadithi nyuma ya daftari la hesabu. Nisalimie kaka yetu mkubwa kule ng'ambo ya mpaka, mwambie biashara yake ya samaki isimsahaulishe kwamba ana ndugu. Baba yake Marita mpelekee salamu zangu wewe mwenyewe, kwa mguu wako, usimtume mtu. Mwambie mkwewe analia huku.

Nilikuwa nimekwisha kunja karatasi, nimeikunjua. Barua yako inasema ulimuuguza yule mama mpaka siku zake za mwisho. Halafu unasema, "Mengine tutaongea ukija." Mengine yapi, dada? Maneno hayo nimeyasoma mpaka yamenichosha. Alinitaja? Kama alisema nisikanyage tena uani kwake, niandikie hivyo, nitaweka sahihi hapa, nitakaa. Kama aliniita, niandikie alivyoniita, nitakuja hata kwa miguu. Na kama alikufa bila kulitia jina langu kinywani, hilo nalo niandikie, ndilo ninaloliogopa kuliko yote mawili, lakini niandikie. Nakujua una huruma, utataka kunitafutia neno la kunituliza. Usinitungie, Tabita. Neno tamu la mama mkwe ninalo tayari, tena zuri kuliko utakaloweza wewe.

Mdogo wako anayengoja,
Yeremia