Chungu Kimoja, Mirija Miwili

Mjukuu wangu Keza,

Hapa Johannesburg hatujambo. Dada yangu, bibi yako, anakusalimu. Usicheke: nina miaka kumi na saba, lakini nami ni bibi yako.

Umeuliza nani alishinda vita vya kwetu Burundi. Vitabuni sikupata jibu. Nililipata hapa hapa jijini, mtaani La Rochelle, kwenye posa ya kaka yangu. Vitani Baba alikuwa mwanajeshi wa serikali, baba wa binti aliyeposwa alikuwa mwasi. Wakawekewa chungu kimoja cha pombe na mirija miwili. Mmoja akikataa kunywa, hakuna ndoa.

"Kumbe ninyi ndio mliotukimbiza mtoni?" Baba akauliza.

"Na mlikimbia kweli, mkwe!"

Baba akacheka, akainama, wakanywa. Hata mimi mwenye haya nilipiga vigelegele.

Walioshinda ni hao wawili, Keza. Chungu kilirudi kitupu.

Bibi yako mdogo,
Aline