Rangi nyekundu kwenye mti wa kigong'ota

Tunu, nimeharibu. Nimeharibu mwenyewe.

Unamkumbuka yule kigong'ota niliyekutumia picha yake, mwenye kifua cha madoa na utosi mwekundu? Mtaalamu wa ndege kafika leo hapa Ipole kuhakikisha ni aina gani. Nikampeleka moja kwa moja kwenye mti wenye tundu lake.

Tumekuta kisiki.

Kisiki, Tunu. Baba mdogo Wilbroad kaukata apate kuni za bani la kukaushia tumbaku. Namuuliza kwa nini, ananijibu taratibu, "Si ulikuwa na alama nyekundu? Nikajua bwana misitu karuhusu."

Alama niliipaka mimi. Mimi, ili nisiupoteze.

Mtaalamu kaokota unyoya, kaniuliza wengine wanaishi wapi. Nikamwambia kuna miti mingine minne.

Yote minne niliipaka nyekundu.