Jibu la Bahari Nililolikata

Mama,

Shikamoo. Tangu tukuzike Novemba, habari za nyumbani ni hizi. Paa la jiko limebadilishwa bati mbili. Ng'ombe mweusi amezaa dume. Kaka Desderi amehamia nyumbani kwako na familia yake. Mkewe amepanga nguo zako sandukuni na hajatupa hata kitambaa; nilifungua nikahakikisha. Habari iliyobaki inanihusu mimi, na nimechelewa kukuandikia.

Unakumbuka kipindi changu cha redio kuhusu bahari? Ulikisikiliza ukipepeta ulezi, wiki tatu kabla hujalazwa. Nilikuwa nimempata kwa simu mtafiti wa mambo ya bahari, nikamuuliza moshi wa viwanda na magari ya dunia unaishia wapi. Akasema kama robo hivi ya hewa ya ukaa tunayoitoa inaingia baharini. Akaendelea kueleza, lakini muda ulikuwa umekwisha na matangazo ya vifo yalikuwa yanasubiri. Nikaikata sauti yake hapo, nikafunga kwa maneno yangu: "Kwa hiyo, msikilizaji, bahari inatumezea moshi wetu."

Jioni ukanipigia. "Mwanangu, nimekusikia. Hiyo bahari haishibi?"

Nikacheka. Nikakwambia, "Mama, niko kazini, tutaongea." Hatukuongea. Ulipolazwa tulizungumzia dawa, uji, na padri aje saa ngapi. Miaka ishirini na miwili kazi yangu ni kuuliza maswali. Lile lililotakiwa kuulizwa siku ile uliuliza wewe, na jibu lake nilikuwa nalo ndani ya kinasa sauti.

Jibu ni hili. Tulipokwenda Mtowisa kwenye harusi ya binamu Leokadia, tulishuka na kreti la soda kutoka huku juu. Huku Sumbawanga, kwa baridi ya Juni, soda ukiifungua inatulia kwenye chupa. Kule bondeni kreti lilishinda juani, ukafungua ya kwanza ikakurukia kwenye kitenge kipya. Ukasema, "Hata soda imekataa kukaa huku!" Hewa iliyomo kwenye soda ndiyo hiyo hiyo ya ukaa, Mama. Maji baridi huishika. Maji yakipata joto huiachia.

Bahari nayo ni hivyo. Bado inameza, tena nyingi, kwa sababu angani tumejaza nyingi. Lakini kadiri inavyopata joto, uwezo wake wa kuishika unapungua. Maji ya juu yakishapata moto hukaa juu tu, hayachanganyiki vizuri na ya chini, kwa hiyo hewa iliyomezwa haishuki upesi kwenda kilindini. Na inayobaki ndani inayavuta maji kuelekea uchachu, hata chaza na konokono wa baharini wanapata taabu kujenga magamba yao. Haijashiba. Inameza kwa shida, na yenyewe inaumia. Mtafiti alichukua chini ya dakika mbili kulieleza hilo. Na hizo ndizo nilizozikata.

Nisingejua uzito wake kama si shamba lako. Mwezi Machi nilikuja, nyasi zimefika kifuani, mvua bado ipo, wakati ule ule ambao wewe ungekuwa umeshafyeka, umezilaza na kuzifukia kwenye matuta ya mviringo, ntumba, zioze mpaka msimu unaofuata. Sikuona tuta hata moja. Desderi amekaa kwenye kivuli cha ukuta na jirani yetu Baba Sesilia.

"Mwaka huu silimi ntumba," akaniambia. "Mgongo si wangu peke yangu, nina watoto. Nyasi zikauke, Septemba napiga kiberiti."

Nikamwambia Mama hakuwahi kuchoma shamba hili.

"Mama alikuwa hasikilizi wataalamu. Wewe dada si ndiye uliyetuambia redioni bahari inameza moshi? Au ulikuwa unatupiga kamba?"

Baba Sesilia akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Mwandishi kanaswa na habari yake!" Kisha akasema na yeye ataacha zikauke. Na wengine wawili wa ng'ambo ya kijito, ambao nao walisikiliza kipindi.

Moshi wa shamba lako ni kitu kidogo sana mbele ya moshi wa dunia, na sikutaka kumtwika Desderi makosa ya watu wenye viwanda. Lakini udongo ule umekulisha na kutusomesha kwa sababu kila mwaka uliurudishia nyasi zake. Zikichomwa, zinapanda hewani. Na ruhusa ya kuzichoma ilitoka mdomoni mwangu.

Nilirudi mjini nikaomba nafasi ya kusahihisha. Mkuu wangu akauliza, "Nani anakumbuka kipindi cha mwaka jana?" Nikamjibu wapo wanne, nawajua kwa majina. Alinipa dakika moja. Nikasema nilikosea, kwamba bahari inameza sehemu tu, kwamba joto linaipunguzia nguvu, na kwamba nyingine nyingi inabaki angani. Nikaongeza kuwa nyasi zilizofukiwa huacha chakula ardhini. Nilipotoka studio nilikaa kwenye ngazi, nikashika simu nikisubiri ile namba yako ipige. Kwa muda fulani, Mama, nilisubiri kweli.

Desderi hakupiga. Jumamosi nikapanda basi na jembe langu. Nikakuta matuta yamepangwa vizuri mpaka katikati ya shamba, maharage yameshapandwa juu yake, na baada ya hapo nyasi zimesimama vile vile.

"Mimi nimemaliza nusu yangu," akasema. "Nusu ile ni ya aliyekosea."

Nimelima siku mbili. Matuta yangu yamepinda, mkewe Desderi anayaita vilema. Baba Sesilia hajaanza ya kwake. Anasema ataona kwanza kama mtu wa redio anaweza kufika mwisho. Imebaki mistari sita.

Lala salama, Mama. Mistari hiyo nitaimaliza kabla mvua haijakatika. Na mtu akinipigia kuniuliza kuhusu nilichosema redioni, nitaacha ninachofanya nimjibu.

Mwanao,
Yustina