Sauti ya Pili Kwenye Kanda ya Wazungu Wanne

Mpendwa dada Perusi,

Jana niliinunua tena ile kanda. Nilikuwa stendi ya Bunda nangoja gari la kurudi Nyamuswa, nikawaona wale Wazungu wanne wa jaladani kwenye kibanda cha muuza kanda, wamesimama palepale kwenye uzio wao: wanaume wawili, wanawake wawili, makofia, mabuti, farasi nyuma. Siku hizi vitu vimejaa, dada. Mawe ya redio yanapangwa chini sokoni kama mihogo. Wewe uliyekuwa unaanika mawe yetu juu ya bati ili yapate nguvu ya wimbo mmoja tu, ungecheka mpaka ukae chini.

Unakumbuka ilivyofika nyumbani? Baba alikwenda Musoma kutafuta sabuni, akarudi na kanda, bila sabuni na bila saa yake ya mkono. Saa alimwachia mfanyabiashara mmoja wa vitambaa, ambaye kanda aliipata ng'ambo ya mpaka. Mama alilishika lile jalada, akalitazama weee. "Kumbe na hawa wanachungaga," alisema, "ila wao wana viatu." Tangu hapo baba yetu, karani wa pamba mzima, akawa anaulizia saa kwa wapita njia.

Wazee wa kanisa walinung'unika: mwalimu wa kwaya na nyimbo za dunia wapi na wapi? Baba akawaambia maneno ya hao Wazungu hayataki, anataka mpangilio wao wa sauti tu. Hayo maneno yenyewe nani aliyajua? Alitukalisha uani, akatugawia: mimi sauti ya kwanza, wewe ya pili, mama ya tatu, yeye ya nne. "Sikilizeni wanavyopishana," alisema. "Hakuna anayemkanyaga mwenzake." Mimi nilikukanyaga kila siku. Wewe ulishuka kidogo, ukaniachia nafasi, ukaendelea kama vile hakuna kilichotokea.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Ilikuwa Jumapili, baba na mama wako shamba. Wewe ulitaka uwe wa tano wao. Mimi ndiye niliyekuambia kitufe chekundu kinafanya redio isikie mtu. Mimi ndiye niliyeziba kile kitundu cha kanda kwa karatasi, kama nilivyomwona baba akifanya kwa kanda nyingine alipotaka kurekodi juu yake. Mimi ndiye niliyebonyeza. Redio ikanyamaza, nasi kwa akili zetu tukadhani imenyamaza ili ikusikilize. Ukaimba wimbo ule wa tatu kwa kichwa, wote, sauti yako ya pili, macho umefumba.

Tuliporudisha nyuma, wale wanne hawakuwepo. Ulibaki wewe peke yako, na kuku wa mama.

"Nyamaza," uliniambia nilipoanza kulia. "Mimi ndiye mkubwa. Atanifokea, atachoka."

Baba hakufoka. Ungefokewa ningepata nafuu. Alisikiliza mwanzo tu, akaizima, akachukua daftari la kwaya na kulipiga jina lako mstari. "Asiyeheshimu kazi ya wenzake hawezi kuimba na wenzake." Na ilikuwa imebaki wiki moja twende Musoma kwenye makambi, kwaya zote za kanisa zikutane, na wewe ulikuwa umepewa ubeti wako peke yako. Tulipopanda lori ulikuwa getini na mbuzi, ukatupungia mkono. Mimi nilikuwa nimevaa sketi yako nyeupe. Nilikupungia na mimi, mdomo nimefunga.

Mwaka uliofuata ukaolewa Butiama. Kwaya hukurudi tena. Kisha ile homa ikakuchukua, nami nikabaki na neno langu. Miaka yote hii nimekuwa mwoga, dada, na nakuomba radhi.

Leo mchana niliweka kanda mpya. Wimbo wa tatu ulipoanza, mzima, na wote wanne ndani, nilijisikia vibaya. Ulikuwa safi mno. Nikaitoa, nikaenda kuchukua ile ya zamani kwenye kopo la mama, nikaiweka mbele ya baba bila kumweleza. Ukaanza. Kwa mtu mwingine usingekuwa wimbo, maana sauti ya pili ikiwa peke yake haina pa kushika. Baba aliacha kutafuna. Nilijua mwisho wake kuna nini, ningeweza kuizima. Nikaiacha. Ulipomaliza, kikasikika kitoto kikisema: "Dada, nibonyezage tena?"

Baba akanigeukia. "Ni wewe?"

"Ni mimi, baba. Yeye aliimba tu."

Akawa anaufikicha mkono wake pale palipokuwa na saa. Nilidhani atasimama aondoke. Kisha akasema, "Rudisha nyuma."

Nikarudisha. Ulipoanza tena, baba akaingia chini yako na ile ya nne, sauti imechakaa lakini iko palepale. Mama alikuwa anachambua mlenda. Hakuinua kichwa, akaingia na ya tatu. Walikuwa wamekuzunguka, dada, wananingoja mimi nije. Nikaingia na ya kwanza. Sikukukanyaga hata mara moja.

Kanda ilipokwisha baba aliingia ndani, akatoka na daftari lile lile, jalada limeliwa na mende. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, kwa hiyo kalamu alinipa mimi.

"Mwandike," akasema.

Nimekuandika. Pumzika sasa, dada. Nafasi yako ipo.

Ni mimi mdogo wako, niliyebonyeza.